Farasi Afe, Mzigo Ufike

Mwongozo wa hatua saba kwa farasi wa jeshi anayetumwa Afrika Mashariki, 1916

Ndugu Farasi,

Hongera kwa kuajiriwa. Barua ya maombi hukuandika, usaili hukuitwa. Alikuja bwana mmoja, akakufunua mdomo akatazama meno, akakuinua mguu mmoja baada ya mwingine, akakupiga kofi la kiunoni na kusema huyu atafaa. Wapo binadamu wanaozunguka na vyeti mwaka mzima na hawajapata kazi kwa wepesi huo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetoka Afrika Kusini mapema mwaka 1916 kwenda kumfukuza Mjerumani katika koloni lake, nchi ambayo kwa sehemu kubwa sisi tuliokuja baadaye twaiita Tanzania Bara. Tumeufanya mfupi makusudi. Farasi mwenye bahati huishi miaka 25 au 30, lakini kwa kazi hii maisha yako yatahesabiwa kwa wiki, na hatukutaka ufe hujamaliza kusoma.

Hatua ya 1: Mfahamu aliyekuita

Bosi wako ni Jenerali Jan Smuts, aliyeshika uongozi wa majeshi ya Uingereza huku mwezi Februari 1916. Ni mtu wa farasi hasa. Vita vya Makaburu alivipigana juu ya tandiko, na kwenye nyika za kwao alijifunza somo moja zuri: adui akikukalia mbele, usimgonge uso, tuma wapanda farasi wamzunguke wamtokee mgongoni. Amekuja na somo hilohilo. Kasoro ni ndogo tu, kwamba nyika za huku zina wenyewe.

Ukitaka kuwajua hao wenyewe, kuna kipimo cha bure. Ukiona pori lenye majani mabichi ya kukugusa tumbo, maji karibu, kivuli tele, na hakuna hata ndama mmoja anayelisha, usidhani wenyeji ni wavivu. Wafugaji wa nchi hii wanajua tangu enzi za mababu ni pori gani ng'ombe hapelekwi. Na ukijiuliza kwa nini pembe za ndovu zilitoka Tabora hadi Bagamoyo juu ya mabega ya Wanyamwezi, bila farasi wala gari la maksai, jibu ni hilohilo. Haukuwa ushamba. Watu walishapiga hesabu zamani wakajua mnyama hafiki.

Kuhusu marupurupu: vita vya Makaburu vilimaliza farasi zaidi ya 300,000 upande wa Uingereza. Kwa heshima yao ilisimamishwa sanamu mjini Port Elizabeth mwaka 1905: askari amepiga goti, anamshikia farasi ndoo ya maji. Ni sanamu nzuri. Ikitokea unapita hapo kabla ya kupanda meli, itazame sana, maana huko uendako goti hutaliona na ndoo itakuwa kwa zamu.

Hatua ya 2: Safiri kwa utulivu

Utakwenda kwa meli hadi Kilindini, Mombasa, umesimama njia nzima. Usihofu, miguu yako imeumbwa na kufuli ya kukuwezesha kusinzia wima. Bahari ikichafuka utasikia vibaya kama abiria wengine, ila kutapika hutaweza, kwa sababu koo la farasi ni njia ya kwenda tu, haina kurudi. Lichukulie kama mafunzo ya awali ya kijeshi: utakachopewa utameza.

Kutoka Mombasa utapanda treni hadi Voi, kisha ile reli mpya ya jeshi inayoelekea Taveta. Ukishuka utakabidhiwa vifaa vifuatavyo:

- mpandaji mmoja, mwenye afya (mwanzoni);
- tandiko, hatamu na lijamu;
- bunduki ya mpandaji na risasi zake;
- blanketi lake, koti lake la mvua, chupa yake ya maji na sufuria yake;
- chakula chake;
- chakula chako, nafasi ikibaki.

Jumla ni zaidi ya kilo 100. Ukwatoni utachomwa nambari kwa chuma cha moto. Haiumi, kwato ni kama ukucha. Jina nalo utapewa na mpandaji wako, na atalitamka kwa upole mara mbili: siku mnayokutana na siku mnayoagana.

Hatua ya 3: Vaa kulingana na mazingira

Kama wewe ni mweupe, una tatizo. Kwenye mbuga ya majani makavu unaonekana kutoka mbali kama shuka lililoanikwa. Walowezi wa Kenya waliounda kikosi chao cha wapanda farasi mwaka 1914, East African Mounted Rifles, walikutana na shida hii, na dawa yao ipo mpaka leo kwenye picha: walimchukua farasi mdogo mweupe wakampaka milia, akawa punda milia.

Usicheke. Kwa bahati tu, walikuwa wamegusa jambo kubwa. Mwaka 2019 watafiti waliwavisha farasi huko Uingereza mavazi yenye milia, wakakuta inzi wanaouma wanatua kwao mara chache kuliko kwa farasi waliovishwa nguo nyeusi au nyeupe tupu. Yaani rangi iliyopakwa ili kumdanganya Mjerumani ingefaa zaidi kumdanganya inzi. Ila hilo lilijulikana miaka mia moja baadaye, na wewe huna subira hiyo.

Mwenyewe mwenye milia ya kuzaliwa, huyo punda milia, yeye hakuajiriwa. Si kwamba hakutafutwa: Wajerumani walijaribu kumfuga na kumfunga kazini katika koloni hili, kwa kuwa ugonjwa unaokuua wewe yeye hupita naye kama mafua. Aliuma, akapiga mateke, akashindikana. Wakaandika kwamba ana tabia mbaya. Wewe umeandikwa una tabia nzuri. Sasa tazama nani yuko Serengeti mpaka leo.

Hatua ya 4: Mtambue adui halisi

Askari wapya hudhani adui ni yule mwenye bunduki upande wa pili. Kosa hilo walifanya majenerali, wewe usilifanye. Adui zako ni wawili, na wote wawili wanatosha juu ya ukucha wa mpandaji wako.

Wa kwanza ni mbung'o. Ni inzi wa kahawia, akitua hukunja mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anapouma utaruka, kisha utasahau. Siku kadhaa baadaye itakuja homa, itaondoka, itarudi. Utakula vizuri na bado utakonda. Mbavu zitahesabika, tumbo la chini litavimba, macho yatatoa machozi, na siku moja utasimama katikati ya njia huku mpandaji anakupiga visigino, na wewe unashangaa nani kakupa miguu ya mbao. Hiyo ni nagana. Usidhani ni siri: daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alishaonyesha kule Zululand katika miaka ya 1890 kwamba ugonjwa huu huletwa na vijidudu vya damuni na kusambazwa na mbung'o. Jeshi lenyewe, miaka ishirini mapema. Lakini ripoti haina miguu ya kumfuata jenerali.

Tiba ipo. Inaitwa aseniki. Ndiyo, hiyohiyo iliyomo katika sumu ya panya. Utalishwa kidogokidogo, utachangamka kidogo, na utaweza kubeba wiki chache za ziada. Usiulize ni dawa ya kukuponya wewe au ya kuiponya safari.

Adui wa pili humwoni kabisa. Ni usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, anayetoka jua likizama, hasa wakati wa mvua, akiwa na kirusi cha maradhi ya farasi. Huyu hana subira kama mbung'o. Asubuhi umeamka mzima, umekula pumba zako, umemsukuma mpandaji kwa pua kuomba zaidi. Alasiri unapanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo kutafuta hewa, kama mtu anayechungulia dirisha refu. Jioni povu jeupe linatoka puani, linajaa, linadondoka kifuani, kwa sababu mapafu yako yamegeuka ndoo ya maji. Umezama, Ndugu Farasi, katika nchi kavu. Wapatwao na aina hii ya mapafu, tisa kati ya kumi hawauoni mwisho wa juma.

Risasi? Risasi haina shida. Wengi wenu hamtaisikia.

Hatua ya 5: Furahia matembezi ya Kondoa

Kivutio kikuu cha ziara yako ni safari ya Jenerali Jaap van Deventer, mtu mkubwa wa mwili anayesema kwa sauti ya kukwaruza, kwa kuwa alijeruhiwa kooni katika vita vya Makaburu. Mwanzoni mwa Aprili 1916 ataondoka Arusha na kikosi cha wapanda farasi kuelekea kusini, kwenda Kondoa-Irangi, amtokee Mjerumani ubavuni. Kumbuka somo la Hatua ya 1.

Aprili. Msomaji yeyote aliyewahi kuchelewa basi la Kondoa mwezi huo ameshaanza kutikisa kichwa. Masika yanafunguka. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka kama kisigino cha mkulima, sasa unakuwa ugali. Mguu unaingia hadi goti, unautoa kwa mlio, unaingia wa pili. Magari ya maksai yanakwama, ya moto yanakwama nyuma yake, chakula chako kiko ndani ya yote mawili. Na mvua ndiyo sikukuu ya usubi.

Kwa upande wa ramani, safari ilifana. Lolkisale ilitekwa, Ufiome ikatekwa, na kabla ya Aprili kuisha bendera ilikuwa Kondoa. Kwa upande wenu, mamia walibaki njiani. Waliofika hawakuweza kwenda zaidi. Mvua zikafunga njia nyuma yao, na kikosi kilichokuja kumzunguka adui kikazungukwa na matope kwa zaidi ya miezi miwili.

Hapo ndipo ilipotokea aina mpya ya askari ambayo vitabu vya mafunzo havikuitaja. Mtu ameshuka kwenye farasi aliyekufa, amefungua mkanda wa tumbo, amevuta tandiko kutoka chini ya mzoga, na sasa anasimama nalo mkononi akitazama huku na huku. Jana alikuwa mpanda farasi. Leo ni mbeba tandiko.

Hatua ya 6: Usiulize chakula kimefikaje

Farasi hana tumbo la mzaha. Anataka kula kidogo kidogo kutwa nzima, majani safi, nafaka safi, na lita 30 au zaidi za maji kwa siku. Akibadilishiwa chakula ghafla hupata msokoto wa tumbo, na msokoto wa tumbo kwa asiyeweza kutapika ni hukumu. Jeshi linajua hayo. Ndiyo maana kwenye karatasi kuna mgawo mzuri sana wa shayiri.

Pale Kondoa karatasi haikuliwa. Kwa wiki nyingi watu na wanyama waliishi kwa kilichookotwa vijijini, na hapa neno "kuokotwa" tumelitumia kwa adabu, maana mtama huwa una mwenyewe. Kilichobaki kililetwa kutoka Lolkisale, umbali wa karibu kilomita 190, katika njia ambayo gari limeshindwa, nyumbu ameshindwa, na wewe umeshindwa.

Kililetwa na nani? Tumesema usiulize. Lakini kwa kuwa umeshageuza masikio: kililetwa na watu. Wapagazi. Kichwani na mabegani.

Hatua ya 7: Kufa kwa adabu

Fia pembeni mwa njia. Farasi wengi wasio na malezi hufia katikati, na kusumbua msafara. Ukiweza, fia karibu na mto, lakini si ndani yake, maana wenzako watayanywa maji hayo. Usiku usikoroge usingizi wa watu kwa kugaragara. Fisi watakuja wenyewe bila kuitwa.

Usitie huruma kupita kiasi. Mpandaji wako atakupiga risasi moja ya sikioni, atageuka upande, atajifanya anafunga kamba za buti. Mwache. Ana miaka ishirini na malaria.

Wala usijali pengo lako. Wataletwa farasi wengine, watakufa. Wataletwa nyumbu, watakufa. Maksai, punda, vivyo hivyo. Kufikia mwisho wa mwaka 1916, makumi ya maelfu ya wanyama wamekwenda. Mtu aliyetaka kwenda kutoka reli ya kati kuingia kusini hakuhitaji dira. Angefuata pua.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, adui naye ana farasi?*
Anao wachache, si wa kutegemea. Paul von Lettow-Vorbeck anategemea askari wa miguu Waafrika, na wapagazi nyuma yao. Wewe ulipangwa kumzunguka mara nyingi, na kila ukikamilisha duara, katikati hukuti mtu. Alijisalimisha Novemba 1918 kule Abercorn, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa bado anatembea.

*Nitarudi nyumbani lini?*
Ipo njia moja iliyothibitishwa. Australia ilipeleka vitani nchi za nje farasi zaidi ya 130,000. Aliyerudi ni mmoja, anaitwa Sandy. Siri yake ni kwamba alikuwa farasi wa jenerali. Basi jitahidi upandwe na jenerali. Halafu, kama ilivyokuwa kwa Sandy, inabidi jenerali mwenyewe afe.

*Je, nitakumbukwa?*
Sana. London, kando ya Hyde Park, mwaka 2004 ilizinduliwa kumbukumbu ya wanyama wa vita. Kuna nyumbu wawili wa shaba wamesheheni mizigo, kuna mbwa, na wewe upo.

*Nikifa, nani atachukua mzigo wangu?*
Ndugu Farasi, tulitumaini usingefika swali hili.

Waswahili wana methali kuhusu binamu yako: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wengi huisoma kama methali ya ukatili kwa punda. Isome tena polepole. Punda amekufa. Mzigo umefika. Kati ya sentensi hizo mbili kuna mtu ambaye methali haikumtaja.

Ulipolala pembeni mwa njia, kilo zako zaidi ya mia ziligawanywa. Kila mpagazi alitwikwa kama kilo 25, kwa hiyo nafasi yako ilihitaji watu wanne, au watano na posho yao. Wakaandikishwa mamia ya maelfu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, na katika nchi hiihii kadiri ilivyotekwa. Hao pia wengine hawakuandika barua ya maombi. Machifu walipewa idadi, vijana wakakamatwa usiku. Nao walipewa nambari. Mbung'o hakuwaua upesi kama wewe, basi ikaonekana wanadumu. Wakauawa na kuhara damu, na unga uliopikwa nusu, na homa ya mapafu katika baridi ya milimani, watu wa pwani na wa ziwani bila blanketi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Uingereza walikaribia 100,000. Mishahara ya maelfu kati yao haikuwahi kuwafikia ndugu zao.

Nairobi kuna mmoja wao wa shaba, amesimama na wenzake wawili wenye silaha. Dar es Salaam sanamu ya mwaka 1927 ni ya askari peke yake, singe mbele, anatazama bandarini. Mpagazi hayupo. Lakini tembea kutoka hapo kwa dakika ishirini na tano kuelekea magharibi utafika mahali ambapo Waingereza waliwaweka watu wa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo la kigeni ukalikunja, likawa Kariakoo. Kila siku makondakta wa daladala wanaliita kwa sauti kubwa kuliko kengele yoyote ya kumbukumbu, wala hawajui wanamwita nani.

Ukibahatika kupita hapo, Ndugu Farasi, utaona mitaa imejaa hata kwato hazina pa kukanyaga. Na nyuma yako utasikia mtu anahema, ana marobota ya mitumba kichwani, shingo imekaza, macho yako chini, anasema, "Jamani, mzigo, mzigo."

Mpishe.